Mgongo Ukikaza Ghafla: Hatua za Kufuata Nyumbani na Dalili za Kukimbilia Hospitali

Msimu wa korosho ukifunguka huku kwetu Mtwara na Lindi, sisi tunaohudumia wagonjwa wa viungo tunaulizwa maswali yale yale. "Mgongo umenishika nikiwa nimeinama, sasa siwezi kunyooka, nifanyeje?" "Nikachome sindano?" "Nipige picha?" "Mama mkwe anasema ni ngiri, kweli?" Nimeamua kuyajibu yote mahali pamoja, kwa ajili ya mkulima wa Tandahimba, kuli wa bandarini, kijana wa bodaboda wa Masasi, mama anayebeba ndoo ya maji Newala, na yeyote ambaye mgongo umembana leo asubuhi na anasoma haya akiwa amelala chali na simu mkononi.

Kama huyo ni wewe, nenda moja kwa moja kwenye Hatua ya 1. Maelezo ya hapa katikati utayarudia maumivu yakipungua.

Kinachotokea mgongoni

Pande mbili za uti wa mgongo, kuanzia shingoni hadi kwenye nyonga, kuna misuli mirefu inayokusimamisha wima. Kitu kidogo kikiumia huko ndani, iwe ni msuli wenyewe, kano, kiungo kati ya pingili na pingili, au diski (mto laini ulio kati ya pingili), mwili huikaza misuli ya eneo zima ili pale palipoumia pasitikisike. Huko kukaza kwenyewe kunauma, na mara nyingi kunauma kuliko jeraha lililokusababisha. Ndiyo maana mtu anainama kuokota kopo tu, halafu anashindwa kunyooka.

Shika jambo hili kabla ya mengine yote: ukali wa maumivu haukuambii ukubwa wa madhara. Mgongo uliokaza mpaka unatoa machozi unaweza kuwa hauna chochote kilichovunjika wala kuchomoka. Watu wengi hupata nafuu kubwa ndani ya wiki chache bila sindano, bila picha na bila upasuaji.

Chanzo kwa kawaida ni mkusanyiko wa mambo. Siku nyingi za kuinama kuokota korosho na kuzitenganisha na mabibo, yaani matunda yake. Kupalilia. Kuzunguka shambani na mashine ya kupulizia mikorosho mgongoni. Kunyanyua gunia la korosho ghafi, lenye uzito wa kilo 80 hivi, huku kiuno kimejipinda kuelekea kwenye mzani. Kukaa kwenye basi la Dar es Salaam zaidi ya kilomita 500, kisha kushuka na papo hapo kuvuta begi kutoka kwenye buti. Misuli ikishachoka, kinachomalizia huwa kidogo: chafya, kuvaa kiatu, kumnyanyua mtoto.

Na ngiri je? Ngiri ni sehemu ya utumbo au mafuta ya tumboni kutokeza kwenye kinena, kitovu au kovu la upasuaji. Unaiona au unaigusa kama uvimbe. Haikazi misuli ya mgongo. Wala mgongo kukaza si dalili ya kuishiwa nguvu za kiume, ingawa wapo wanaouza dawa kwa kulihubiri hilo stendi na sokoni. Wanakula hofu yako.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Mahali pa kulala pasipobonyea: mkeka juu ya sakafu na blanketi moja, au godoro lisilozama. Kitanda cha teremka tukaze kilicholegea kamba kitakukunja mgongo usiku kucha, kwa hiyo kipumzishe kwa siku hizi chache.
- Kigoda, kiti au ndoo iliyofunikwa, ya kuwekea miguu.
- Mito miwili, au kanga na nguo zilizokunjwa zikawa nene.
- Chupa yenye kifuniko kisichovuja kwa ajili ya maji ya moto, na taulo.
- Kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati, kama choo chenu ni cha kuchuchumaa. Utaona faida yake kwenye Hatua ya 5.
- Mtu mmoja wa karibu kwa siku ya kwanza, wa kukuletea maji na kukushika mkono ukiinuka.
- Dawa ya maumivu, lakini soma kwanza Hatua ya 4.

Hatua ya 1: Hakikisha si dharura

Usiiruke hatua hii hata kama mgongo umewahi kukukaza zamani na ukapona. Jikague, au mwambie aliye karibu nawe akuulize.

Nenda hospitali leo hii, hata kama ni usiku, ukiona mojawapo ya haya:

- Ganzi sehemu za siri, kwenye makalio au ndani ya mapaja, yaani sehemu zile zinazogusa siti ukipanda baiskeli.
- Mkojo umegoma kutoka, au mkojo au choo kinatoka bila wewe kujua.
- Mguu mmoja au yote miwili inaishiwa nguvu, unaburuza unyayo, au huwezi kusimama kwa visigino.
- Maumivu yameanza baada ya kuanguka kutoka juu ya mnazi, mkorosho au gari, au ajali ya pikipiki. Huyu asikalishwe wala kukunjwa. Abebwe akiwa amenyooka juu ya ubao au mlango, kichwa, shingo na kiwiliwili vikigeuzwa kwa pamoja.
- Mgongo umeanza kuuma pamoja na kifua kubana, kuishiwa pumzi, au kuzimia.
- Una mimba na maumivu yanakuja na kuachia kwa zamu, au unatokwa na damu au maji.
- Una selimundu (sikoseli). Maumivu ya mgongo kwako yanaweza kuwa ndiyo ile hali ya kuzidiwa, na hiyo haitibiwi kwa kukandwa.

Mgongo ukiuma pamoja na homa, usisubiri kuona itakuwaje. Huku kwetu jambo la kwanza ni kupima malaria, na zahanati yoyote inaweza kukupima. Lakini ikiwa kipimo hakina malaria na homa bado ipo, usirudi nyumbani umeridhika, kwa kuwa maambukizi ya figo na ya pingili nayo huleta homa. Maumivu ya figo mara nyingi hukaa juu kidogo ya kiuno, chini ya mbavu, upande mmoja, na hayabadiliki sana ukigeuka. Mkojo unaweza kuunguza. Mkojo ukiwa na damu, inaweza kuwa jiwe la figo au kichocho, na yote mawili yanahitaji kupimwa.

Lipo jingine ambalo watu hulipuuza mpaka mgongo unapinda. Kifua kikuu hakishiki mapafu peke yake, kinaweza pia kula pingili za mgongo. Mgonjwa wa namna hiyo haelezi kwamba mgongo ulikaza ghafla. Anaeleza maumivu yanayozidi wiki hadi wiki, yanayomwamsha usiku, anakonda, jasho linamlowesha akilala, na pengine hakohoi kabisa. Vipimo na dawa za kifua kikuu ni bure kwenye vituo vya serikali. Dalili kama hizi zinaweza pia kuwa za saratani, kwa hiyo mtu wa namna hii aende akapimwe, asikae nyumbani akikandwa.

Kama una umri chini ya miaka 18, au umevuka miaka 50 na hii ndiyo mara yako ya kwanza, si dharura, lakini onwa na daktari ndani ya siku chache.

Huna hata moja kati ya hayo? Vizuri. Endelea.

Hatua ya 2: Jishushe, upunguze uzito mgongoni

Usijilazimishe kunyooka kwa nguvu. Shika ukuta, mti au bega la mtu, piga magoti polepole, weka mikono chini, kisha lala kiubavu na ujigeuze chali.

Ukiwa chali, weka miguu yako kuanzia kwenye mashavu ya miguu juu ya kigoda au kiti, magoti yakiwa yamekunjwa. Mkao huu ndio unaowafaa wengi. Ukikukataa, lala kiubavu, magoti yamekunjwa kidogo, na mto katikati ya magoti. Wachache hupata raha wakilala kifudifudi na mto chini ya tumbo. Chagua unaokupa nafuu. Hakuna mkao mmoja uliowekwa kwa watu wote.

Sasa pumua. Vuta hewa kwa pua hadi tumbo lipande, toa kwa mdomo taratibu, mara kumi au zaidi. Mtu mwenye maumivu hubana pumzi bila kujua, na akibana pumzi tumbo na mgongo vinazidi kukaza.

Hatua ya 3: Kanda kwa joto

Jaza chupa maji ya moto yanayovumilika, si yanayochemka, ifunge vizuri, izungushie taulo, na uiweke pale panapouma kwa dakika 15 hadi 20. Rudia mara tatu au nne kwa siku. Wengine hupasha chumvi ya mawe kwenye sufuria na kuifunga kitambaani. Inafaa, ila chumvi hushika moto sana na inaunguza, kwa hiyo ijaribu kwanza kwenye ngozi ya ndani ya mkono.

Mzee, au mtu mwenye kisukari, anaweza asihisi kuwa anaungua. Mwingine ndiye apime joto. Na usilale usingizi huku chupa iko mgongoni.

Barafu nayo inaweza kutuliza siku ya kwanza au ya pili, ikifungwa kitambaani, dakika 10 hadi 15. Kama hamna friji, hujakosa kitu kikubwa.

Kuchuliwa kwa mafuta ya nazi, taratibu, kwenye minofu ya pembeni ya uti, kunasaidia. Anayekuchua asibonyeze pingili kwa goti wala kiwiko.

Hatua ya 4: Dawa, kwa vipimo vyake

Lengo la dawa ni kukupa nafasi ya kusogea. Haiuponyi msuli. Ukimeza dawa halafu ukalala siku nzima, umepata nusu tu ya faida yake.

Kwa mtu mzima asiye na tatizo lolote kati ya yaliyotajwa hapa chini, ibuprofeni ya miligramu 400 baada ya kula, isizidi mara tatu kwa siku, kwa siku zisizozidi tano, inatosha wengi. Diklofenaki ni dawa ya jamii hiyo hiyo. Chagua moja. Kosa ninalolikuta mara kwa mara ni mtu kumeza ibuprofeni asubuhi, diklofenaki mchana, na jioni kuchomwa sindano ya diklofenaki, akidhani ametumia dawa tatu tofauti. Tumbo na figo zinazipokea kama dawa moja iliyozidishwa.

Usitumie dawa za jamii hiyo bila kuongea na daktari kama una vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au wa moyo, presha isiyodhibitiwa, pumu inayochokozwa na dawa za maumivu, mimba, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Wazee wa zaidi ya miaka 65 nao waulize kwanza.

Parasetamoli ni salama zaidi kwa tumbo, ingawa kwa mgongo peke yake nguvu yake ni ndogo. Vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi vinane ndani ya saa 24. Angalia boksi la dawa nyingine uliyopewa. Vidonge vingi vya maumivu madukani ni mchanganyiko wa diklofenaki na parasetamoli, na ukiongeza parasetamoli juu yake unaweza kupita kipimo.

Msimu huu mabibo ni mengi na uraka, pombe ya mabibo, unanywewa. Pombe juu ya diklofenaki au ibuprofeni inachubua tumbo, na mnywaji wa kila siku yuko hatarini hata kwa parasetamoli. Umeanza dawa? Uraka usubiri.

Mbili za kukataa dukani kama hujaandikiwa. Diazepamu hulegeza misuli kweli, lakini hukulewesha, huzoeleka, na ikichanganywa na pombe inaweza kusimamisha pumzi. Prednisoloni hukupa nafuu ya siku moja ukaisifu, na ukiendelea nayo inapandisha sukari na presha na kudhoofisha mifupa, pamoja na ya mgongo huo huo unaotaka upone.

Hatua ya 5: Kuinuka, na kwenda chooni

Kuinuka moja kwa moja kutoka kulala chali ndiko kunakorudisha mkazo wote. Fanya hivi:

Kunja magoti. Geuka kiubavu, mabega na nyonga vikienda pamoja. Shusha miguu kitandani huku mkono ukiusukuma mwili juu. Kaa kidogo, pumua. Kisha simama kwa nguvu za mapaja, mikono ikiwa juu ya magoti. Kama umelala mkekani, toka kiubavu uende kwenye magoti na viganja, sogea hadi kwenye kiti, ukishike, uweke unyayo mmoja mbele, usimame.

Choo cha kuchuchumaa ni mtihani ambao watu wanaona haya kuusema, na wengine hawali siku mbili ili wasiende. Usifanye hivyo. Weka kile kiti cha plastiki chenye tundu juu ya shimo, ukae. Kama hakuna kiti, funga kamba imara kwenye boriti au nguzo mbele yako uishike ukishuka na ukipanda, na mtu asimame nje ya mlango. Kunywa maji, kula mapapai na mboga za majani, maana kukamua choo kigumu kunabana mgongo vibaya.

Hatua ya 6: Tembea siku hiyo hiyo

Hapa ndipo ninapobishana na watu wengi, na sitaacha kubishana. Ushauri wa zamani wa kulala wiki nzima umeshaachwa. Kulala zaidi ya siku moja au mbili kunadhoofisha misuli, kunakakamaza viungo na kuchelewesha kupona. Lala unapozidiwa, lakini katika saa za mchana inuka kila baada ya saa moja hivi utembee dakika mbili tatu: kutoka chumbani hadi barazani, kuzunguka nyumba, kwenda kwa jirani. Kesho ongeza. Hatua fupi, mabega yamelegea, mikono inapepea.

Utaumia kidogo. Maumivu ya kuvumilika yanayotulia ndani ya dakika chache ukikaa si madhara. Maumivu yanayokuacha vibaya zaidi hadi kesho yake yanakuambia umezidisha, basi punguza nusu.

Hatua ya 7: Mazoezi, kuanzia siku ya pili au ya tatu

Fanya juu ya mkeka, asubuhi na jioni, baada ya kukandwa. Kila zoezi mara 8 hadi 10, polepole, bila kurusharusha.

1. Goti kifuani. Lala chali, magoti yamekunjwa. Vuta goti moja kuelekea kifuani kwa mikono, hesabu hadi kumi, rudisha. Badili mguu.
2. Magoti kulia na kushoto. Ukiwa hivyo hivyo, magoti yameshikana, yaangushe kidogo upande mmoja kisha mwingine. Mabega yabaki chini. Nenda hadi pale mgongo unaporuhusu.
3. Kubonyeza kiuno. Chali, magoti yamekunjwa. Kaza tumbo ili sehemu ya kiuno iguse mkeka, hesabu hadi tano, legeza.
4. Mgongo juu, mgongo chini. Kaa kwa magoti na viganja. Pandisha mgongo ukitazama kitovu, kisha ushushe ukitazama mbele.

Maumivu yakishapungua kwa kiasi kikubwa, kwa kawaida wiki ya pili, ongeza mawili ya kujenga nguvu. La kwanza: chali, magoti yamekunjwa, nyanyua makalio hadi mapaja na kiwiliwili viwe mstari mmoja, hesabu hadi tano, shusha. La pili: kwa magoti na viganja, nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, mgongo usiyumbe, hesabu hadi tano, badili. Haya mawili usiyaache mgongo ukishapona. Mgongo uliowahi kukaza una tabia ya kurudia, na kuendelea na mazoezi ndiyo kinga yenye ushahidi mzuri kuliko mikanda na magodoro ya bei ghali.

Hatua ya 8: Kurudi kazini

Usisubiri maumivu yaishe kabisa. Rudi mapema, kwa kazi nyepesi kwanza, kisha uongeze.

Kuokota korosho: usiiname kwa kiuno saa nzima. Piga goti moja, au kaa kwenye kigoda kifupi unachokisogeza. Kusanya kwenye ndoo ndogo, na kila baada ya dakika 20 au 30 simama, weka viganja kiunoni, jinyooshe nyuma mara tano. Kutenganisha korosho na bibo kufanyike juu ya meza au ukiwa umekaa, na si chini miguuni.

Magunia: gunia la kilo 80 si la mtu mmoja, hata kama ghalani wanakusifu. Nyanyueni wawili. Miguu iwe imeachana, gunia liwe karibu na tumbo, nguvu itoke mapajani, na ukitaka kugeuka sogeza miguu, usipinde kiuno. Kinachoumiza zaidi ni mambo matatu yakikutana: umeinama, umejipinda, na umebeba.

Maji: ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Kichwani mzigo unakaa sawa, shida iko kwenye kuutwika na kuutua. Kwa wiki hizi jaza nusu, omba mtu akutwike, au gawanya kwenye madumu mawili madogo, moja kila mkono. Najua Newala na Tandahimba maji yana umbali wake, na kusema "usibebe" hakusaidii kitu. Basi vijana wa nyumbani wabebe kwa wiki mbili. Naomba waume nao walisikie hili.

Bodaboda: simama kwenye vikanyagio kabla ya shimo au tuta, kaa karibu na usukani, na shuka utembee kila baada ya abiria wawili watatu.

Usifanye haya

Usikubali kukanyagwa mgongoni na mtu, wala kuvutwa miguu na mikono hadi "pingili zirudi". Hazijatoka.

Usichanjwe chale kwa wembe uliotumika kwa mwingine. Chuku nayo, kama unaiamini, iwe ya vifaa safi vya kwako peke yako. Damu ikitoka kwa kifaa cha kuchangia, unaweza kupata homa ya ini au virusi vya Ukimwi.

Usikimbilie sindano dukani. Diklofenaki ya sindano haina maajabu kuliko ya kidonge kwa mtu anayeweza kumeza, na sindano ikichomwa vibaya makalioni inaweza kujeruhi mshipa mkubwa wa fahamu wa mguu. Nimewaona watu waliokuja kwa mgongo wakabaki na mguu unaoburuza kwa sababu ya sindano.

Usidai picha siku ya kwanza. Picha ya eksirei haionyeshi msuli uliokaza, na watu wengi wasioumwa kabisa wana diski zilizochakaa kwenye picha. Kipimo kina maana kukiwa na dalili za Hatua ya 1, au ukikawia kupona.

Mkanda wa kiunoni unaweza kuuvaa saa chache ukiwa kazini kwa wiki ya kwanza. Usiugeuze nguo ya kila siku.

Ukikwama

*Unalala vizuri lakini asubuhi huwezi kuinuka.* Misuli iliyokaa kimya usiku hukakamaa. Kabla ya kushuka kitandani fanya mazoezi namba 1 na 2 mara tano tano, ndipo uinuke kiubavu. Kagua pia unapolalia.

*Mkazo unakuamsha usiku kila ukigeuka.* Mto katikati ya magoti, geuka mwili mzima kwa pamoja, na kanda kabla ya kulala. Maumivu yasiyotulia usiku kwa mkao wowote ule, siku hadi siku, yarudishe kwenye Hatua ya 1.

*Maumivu yameshuka hadi chini ya goti, na unahisi umeme au sindanosindano.* Mshipa wa fahamu umebanwa au umechokozwa, mara nyingi na diski. Wengi nao hupona bila upasuaji, ila huchukua wiki nyingi zaidi. Endelea kutembea, acha zoezi lolote linalosukuma maumivu chini zaidi mguuni, na onwa na mtaalamu ndani ya wiki moja au mbili. Mguu ukianza kulegea, usisubiri.

*Tumbo linawaka tangu uanze dawa.* Acha ibuprofeni au diklofenaki, tumia parasetamoli. Choo kikiwa cheusi kama lami au ukitapika damu, hospitali mara moja.

*Umepata nafuu, umerudi shambani, umekaza tena.* Si kwamba umeharibu kitu. Rudia Hatua ya 2 hadi ya 6 kwa siku moja au mbili, kisha anza kazi kwa nusu ya ulichokuwa unafanya. Utapona haraka zaidi kama hukulala.

*Inakukaza kila mwezi na hedhi.* Mueleze mhudumu wa afya hivyo hivyo. Chanzo kinaweza kuwa kwenye kizazi.

*Hujaweza kutembea hata kidogo baada ya siku tatu, au wiki sita zimepita na bado unasumbuka.* Nenda ukaonwe. Hospitali ya Ligula na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kwa walio Mtwara, Sokoine kwa walio Lindi mjini, Ndanda na Nyangao kwa walio barabara ya Masasi. Ulizia huduma ya fiziotherapia, usiishie dirisha la dawa. Ukiingia kwa daktari mwambie mambo manne kwa mpangilio: yalianza lini na ukifanya nini, yanashuka mguuni au la, dawa zote ulizomeza pamoja na za mitishamba, na kama mkojo, choo na nguvu za miguu viko sawa. Chukua na maboksi ya dawa ulizotumia, hata kama yamebaki matupu.